Kofia ya Mansour

Jumamosi, 5 Aprili

Daktari wetu amesema niandike. Nilikwenda kwake kwa ajili ya kukosa usingizi, nikidhani atanipa vidonge, akanipa kazi ya shule. "Mistari miwili kwa siku, madame. Unachokiogopa, kiweke kwenye karatasi." Nimenunua daftari la kurasa mia mbili, kwa sababu ninajijua.

Basi ninachokiogopa ni hiki. Leo Radjabu mume wangu ameleta baiskeli nyumbani. Ameipandisha ghorofa nne begani, ameiegemeza ukutani kwenye korido, na sasa kila anayekwenda chooni lazima apite kwa ubavu. Ameinunua kwa Tonton Kazadi, Mkongomani wa Likasi anayefanya naye kazi kwenye ghala. Chanzo ni daktari huyuhuyu. Mwezi uliopita alimwambia Radjabu kwamba sukari yake imepanda, na asipoutikisa mwili ataanza sindano kabla ya mwaka kwisha. Alisema aogelee, atembee kwa miguu, au aendeshe baiskeli. Mume wangu akachagua nini? Ile moja aliyopaswa kuiacha.

Kwetu Bujumbura, Radjabu na kaka yangu Mansour walikuwa watu wa ndizi. Walipanda na baiskeli tupu hadi Bugarama, mlima wa kilomita thelathini na zaidi, wameshika nyuma ya malori kwa mkono mmoja ili wavutwe. Halafu walishuka na mikungu ya ndizi hadi sokoni Buyenzi, breki zao zikiwa ni kandambili. Miaka kumi na tisa iliyopita Mansour hakufika juu. Lori lilifunga breki ghafla, akaanguka, na gari lililokuwa linashuka likampitia. Radjabu alikuwa nyuma yake, ameshika lori lilelile, na hakupata hata mkwaruzo. Yeye ndiye aliyetuletea habari, pamoja na kofia, ile ya kitambaa ambayo mama alimshonea kwa mkono wake. Sasa ninayo mimi, kwenye droo yangu hapa Etterbeek, Bruxelles. Haina hata tone la damu. Nimeitazama mara nyingi nikashangaa, maana nguo zake nyingine hatukuweza kuzitazama.

Nimeshazika mtu mmoja wa baiskeli. Sitazika wa pili.

Jumapili, 6 Aprili

Nimepita kwa ubavu mara saba.

Jumanne, 8 Aprili

Tonton Kazadi amekuja kunywa chai, yaani ametumwa. Ni mtu wa miaka sitini na mbili, kitambi chake kinamtangulia mlangoni, na kila Jumamosi anaendesha baiskeli na wenzake wa Matonge, mtaa wa Wakongomani. Nilimwambia waziwazi kwamba mjini humu, na tramu na mabasi na madereva wanaotazama simu, sikubali. Akaweka kikombe chini.

"Maman Nadia, sikiya. Mu Bruxelles mi mwenyewe niko naogopa. Lakini shiye hatutembezake kinga hapa. Tunatia bakinga mu kamionette, bibi yangu Thérèse anatupeleka mpaka France, kule Givet. Kuko njia moja pembeni ya mayi, banaita voie verte. Hakuna gari, hakuna camion, hata moto hakuna. Ni paka shiye na mabata."

"Hakuna gari hata moja?"

"Hata moja! Kilomètres makumi tano, na kimya. Unasikia mpaka tumbo yako mwenyewe."

Kwao kama kwetu, baiskeli ni kinga; 'paka' yao ni 'tu', na 'moto' ni pikipiki. Radjabu alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari. Nikatoa masharti yangu matatu: helmeti kichwani, asiendeshe mahali penye magari, na apokee simu kila nikipiga. Akakubali yote upesi mno. Mtu akikukubalia upesi hivyo, kaa chonjo.

Alhamisi, 10 Aprili

Nadia binti yetu alisahau chakula chake mezani akakimbilia chuo. Mimi ningefungua dirisha nikamwita, mtaa mzima ungesikia. Radjabu alishuka ghorofa nne mbio na soksi, akamfikia kwenye kona, akarudi anahema. Ndivyo alivyo. Mume wangu haiti mtu. Akitaka chumvi anainuka, akitaka kuniuliza kitu nikiwa jikoni anakuja hadi mlangoni. Zamani nilidhani ni adabu za kwa mama yake, nikamsifia kwa mashoga zangu.

Jumamosi, 12 Aprili

Wameenda. Simu kumi na moja. Kumi na moja zote amepokea, nyingine akihema, na kila mara anasema jambo lilelile: "Niko salama, Hidaya." Nikiwa kazini kwenye nyumba ya wazee nilimmwagia bibi mmoja supu kwenye paja. Alhamdulillah ilikuwa ya vuguvugu.

Jumapili, 13 Aprili

Radjabu amelala hadi saa nne asubuhi, mdomo wazi. Mimi nimeamka saa kumi alfajiri nikasikiliza anavyovuta pumzi.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua toka asubuhi, kubwa, ya baridi. Hawakwenda. Nimepika wali wa nazi kwa furaha hadi Nadia akaniuliza kama kuna mgeni.

Jumamosi, 26 Aprili

Simu kumi na mbili. Amerudi na uso uliochomwa na jua upande mmoja. Wakati wa chakula aliongea kuliko alivyoongea mwaka mzima. Anasema mto unapita chini ya milima yenye misitu, vijiji vina mapaa meusi ya mawe, na madirisha yote yamefungwa utadhani watu wamehama. Anasema walikwenda saa nzima wasikutane na mtu, ila mzee mmoja anayevua samaki, naye hakuinua kichwa. Anasema hajawahi kupanda kinga mahali ambapo hakuna kitu kinachomfuata nyuma.

Nilipaswa kufurahi. Nilitaka njia isiyo na magari, nimepewa. Sasa nimekaa nawaza: mtu akianguka huko nani atamwona? Sukari ikimshuka, akalala kwenye majani pembeni ya mto, nani atapita? Yule mzee asiyeinua kichwa? Kule Bugarama angalau kulikuwa na watu. Kilio kilipopigwa walikuja mia moja.

Najua ninavyosikika. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Jumamosi, 3 Mei

Simu kumi na nne. Amepokea tisa. Anasema kwenye bonde mtandao unapotea. Tano hizo nisiulizwe nilikuwaje.

Jumatano, 7 Mei

Ninaandika kwenye kiti cha hospitali, nyuma ya karatasi ya miadi, nitanakili baadaye.

Kumbe tangu wiki iliyopita amekuwa akienda kazini kwa baiskeli bila kuniambia. Alisema anapanda tramu, na kwamba baiskeli ameiacha kwa Tonton Kazadi. Leo saa kumi na mbili kasoro nilikuwa dukani, nikakumbuka giligilani, hapo hawauzi, nikampigia anunue pale karibu na La Chasse akipita. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Nikapiga tena. Akapokea mtu mwingine, mwanamke, akasema kwa Kifaransa, "Madame, usiwe na wasiwasi. Tuko hapa La Chasse."

Mtu akikuambia usiwe na wasiwasi kwa simu ya mume wako, hungoji la pili. Niliacha kikapu sakafuni. Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nasema kwa sauti, "Si leo, ya Rabbi, si leo," na watu wananipisha.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, helmeti mapajani, mkono wa kushoto ameukumbatia. Gurudumu la mbele lilikuwa limeingia kwenye reli ya tramu. Tramu ilikuwa imesimama nyuma, taa zote zinawaka, abiria wanatuchungulia. Ilisimama umbali wa hatua sita. Nimezihesabu hatua hizo mwenyewe, nikazihesabu tena.

"Nimeteleza," akasema. "Ni mkono tu."

Nilimpiga. Naandika ukweli. Nilimpiga begani kwa kiganja mbele ya watu, halafu nikamshika kichwa nikalia. Yule mwanamke aliyepokea simu alidhani nimerukwa na akili.

Hospitalini wamesema mfupa wa kiwiko cha mkono una ufa mdogo, plasta wiki nne. Nadia alikuja akakaa kati yetu. Baba yake alipoingizwa chumba cha picha, Nadia alinionyesha simu ya baba. Simu yangu ya kwanza ilipigwa saa 17:42. Mwenye duka pembeni anasema alianguka saa 17:42.

"Mama, alikuwa anachukua simu mfukoni," akasema polepole. "Kwa ajili ya sharti lako."

Alhamisi, 8 Mei

Kwa ajili ya giligilani.

Ijumaa, 9 Mei

Nilisubiri anilaumu ili nipate la kujibu. Hakulaumu. Anasema tena kwamba aliteleza. Mara moja tu nilimwona ananitazama nilipokuwa namwita Nadia kutoka jikoni, uso umemkunjamana utadhani ndiye aliyeitwa.

Jumamosi, 10 Mei

Hali ya hewa nzuri ajabu, ya kunikomoa. Radjabu amekaa dirishani. Mimi nimefungua gurudumu la mbele, ni jepesi kuliko nilivyodhani, nikalishusha stoo ya chini na kulificha nyuma ya masanduku ya nguo za baridi. Baiskeli imebaki imepiga magoti kwenye korido. Ameiona. Akarudi dirishani.

Jumatano, 21 Mei

Vipimo. Sukari imepanda kuliko mwanzo. Daktari alisema, "Mwezi mmoja mmefanya vizuri, mmeacha kwa nini?" Radjabu akanyoosha mkono wenye plasta. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Jumamosi, 24 Mei

Anakula kidogo, anaongea kidogo. Anatazama mbio za baiskeli kwenye televisheni bila sauti. Nilitaka awe salama, nikampata salama: mtu wa miaka arobaini na tisa amekaa kwenye kochi kama mzigo unaosubiri mwenyewe. Nilikaa naye. Sikuogopa chochote kwa saa mbili nzima, na sikuwa na furaha hata kidogo.

Jumapili, 25 Mei

Maman Thérèse, mkewe Tonton Kazadi, amekuja baada ya kanisa na sambusa. Akaiona baiskeli isiyo na gurudumu. Yeye hazungushi maneno.

"Maman Nadia, ule bwana unamuchunga ao unamufunga?"

"Ninamchunga."

"Aah. Sasa juu ya nini kinga njo inafungwa?" Akacheka peke yake, kisha akanishika mkono. "Mi pia nilikuwaka vile. Kazadi alikuwa anaenda, mi niko nabakia na roho inaruka. Nikasema bon, nitaendesha kamionette, nitamuona na macho yangu. Weye fanya nini? Jifunze kupanda."

"Miye? Na miaka arobaini na tano?"

"Uko na miguu mbili, hapana? Dimanche asubui, kwetu Berchem, parking iko tupu. Vaa suruali."

Jumatatu, 26 Mei

Nimepandisha gurudumu kutoka stoo. Radjabu alikuwa mlangoni. Alilipokea kwa mkono mmoja mzima, akasema, "Ahsante," kwa namna ambayo nilienda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jumapili, 1 Juni

Nimeanguka mara nne kwenye baiskeli ya kuazima. Helmeti juu ya mtandio inateleza, Thérèse ameibana kwa pini zake za kanisani. Vijana walikuwa wanapita na mbwa wakanipigia makofi.

Jumanne, 3 Juni

Mara mbili. Goti limevimba. Leo nimekwenda kutoka nguzo hadi nguzo bila kushikwa, na kwa mara ya kwanza sikuwaza lolote. Nikakumbuka kuwaza, nikaanguka.

Ijumaa, 6 Juni

Iddi. Radjabu ameswali na mkono uliotolewa plasta, umekuwa mwembamba na mweupe kidogo. Niliweka kofia ya Mansour mezani karibu na udi, kama kila Iddi. Hajawahi kuigusa kofia hiyo hata mara moja katika nyumba yetu. Leo ndiyo nimeliona hilo.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika hadi nimalize.

Tulikwenda wote. Thérèse alituacha Givet, akabaki na gari na vyungu. Kazadi mbele, Radjabu katikati, mimi nyuma, kwa sababu nyuma ndiko ninakoweza kumwona. Njia ni tambarare, nyororo, mto upande mmoja na msitu upande wa pili. Ni kweli yote waliyosema. Hakuna gari. Kuna harufu ya majani yaliyokatwa na sauti ya minyororo yetu tu.

Na sauti yangu. "Radjabu, polepole! Radjabu, jiwe! Radjabu, umekunywa maji? Radjabu, mkono!" Kilomita kumi nzima. Kila nikimwita naona mabega yanapanda. Nilidhani ni mkono unamuuma, nikazidi kuita.

Baada ya Vireux kuna nyumba ndogo ya mtu wa kufungua mageti ya mto, na benchi. Alisimama hapo. Kazadi alikuwa amekwisha kupinda kona. Radjabu alilaza baiskeli kwenye majani, akakaa, akatazama maji.

"Hidaya, usiniite nikiwa juu ya kinga."

"Nakuita kwa ajili ya usalama wako."

"Hata kama njia iko inaungua mbele yangu. Usiniite."

Nilikasirika. Nikamwambia kwamba nimejifunza kitu hiki kwa magoti yangu ili nimlinde, na yeye ananinyamazisha. Akanisubiri nimalize. Halafu akasema kwa sauti ya chini, akiwa anasugua kiwiko chake:

"Lile lori halikufunga breki."

Sikuelewa mara moja ni lori gani.

"Halikufunga breki, Hidaya. Lilikuwa linapanda polepole, tena vizuri. Kofia yake ilipeperuka. Ilipita juu ya kichwa yangu, ikaanguka njiani. Alikuwa anaipenda ile kofia, sijui mama angesema nini ikipotea. Donc nikamuita. 'Mansour! Kofia!' Ni hayo tu nilisema. Akageuka. Alikuwa anacheka. Aligeuka kuniangalia akiwa anacheka, na kinga ikamponyoka."

Maji yalikuwa yanapita. Bata mmoja alikuwa anazunguka palepale.

"Nilirudi nikaiokota. Ilikuwa safi. Nikawaletea."

Miaka kumi na tisa. Mama yangu alimlaani dereva yule wa lori kila alfajiri hadi siku aliyokufa. Alimwombea apofuke, alimwombea watoto wake wamkane. Mtu aliyekuwa anaendesha lori lake polepole, tena vizuri. Na Radjabu alikuwa anakaa kwenye mkeka wa mama, anasikia, anaitikia amina.

Nilimwambia, "Wewe ni mwongo." Nikamwambia, "Umenioa ili ujifiche ndani ya nyumba yetu." Nilisema na mengine ambayo daktari hata akitaka sitayaandika. Nikapanda baiskeli nikarudi Givet peke yangu, kilomita kumi na tatu, bila kuanguka, na sijui nilifanyaje kwa sababu sikuwa naona njia.

Jumapili, 15 Juni

Sikusema naye.

Jumatatu, 16 Juni

Sikusema naye. Ameniachia chai kwenye chupa kabla ya kwenda kazini.

Jumatano, 18 Juni

Chai. Sikusema naye. Nadia anauliza nani amekufa. Nilitaka kumjibu.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeitoa kofia. Nimeigeuza ndani nje. Bado safi. Hilo ndilo nililokuwa natazama miaka yote bila kuliona: kofia haikuwa kichwani.

Jumapili, 22 Juni

Joto. Leo Nadia alipiga kelele kutoka bafuni, "Baba!" Alikuwa ameona buibui, basi. Radjabu alikuwa amebeba sinia la glasi. Alisimama papo hapo katikati ya sebule, macho ameyafumba, akaliweka sinia sakafuni taratibu, ndipo akaenda. Na mimi nikaona yote kwa pamoja: soksi kwenye ngazi, chumvi, anavyokuja hadi mlangoni mwa jikoni ili asiniite. Miaka kumi na tisa mume wangu hajamwita mtu kwa jina kutoka mbali. Halafu nikahesabu simu zangu. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na nne.

Jumatano, 25 Juni

Nimesema naye. Alikuwa anamenya vitunguu.

"Mbona ulikuwa unapokea simu zangu ukiwa juu ya kinga?"

"Nisipopokea utaita tena."

"Na Mama? Hukuweza kumwambia hata yeye?"

Akaendelea kumenya. "Nilienda kumwambia mara tatu. Kila nikifika ananiwekea chakula. Anasema, kula, wewe sasa ndiye Mansour wangu." Akafuta macho kwa mkono wa shati. "Vitunguu," akasema, na mimi nikamwacha aseme vitunguu.

Sijamsamehe. Naandika hivi ili iwe wazi. Lakini nimechukua kisu cha pili.

Jumamosi, 28 Juni

Redio ilisema joto litazidi nyuzi thelathini. Nilitaka kukataa, nikatazama karatasi ya vipimo iliyo kwenye friji, nikajaza chupa za maji. Tulikuwa watatu tena, wengine wa kikundi wako likizo.

Baada ya Haybes njia ya mtoni ilikuwa imefungwa, wanatengeneza ukingo. Kibao kilitupeleka kwenye barabara ndogo inayopanda msituni. Kazadi akasema ni kilomita nne tu, na kwamba barabara hiyo haina magari hata siku ya sikukuu. Ni kweli, halikupita hata moja. Lakini ilikuwa inapanda, na niliitambua: Bugarama. Si mahali, ni namna tu inavyokunja kona na kukuficha kilicho mbele.

Kazadi alishuka, akawa anasukuma. Mimi nilishuka pia. Radjabu akabaki juu ya baiskeli, mbele yetu hatua arobaini hivi, anakanyaga polepole, mkono wa kushoto bado hauna nguvu na usukani unamyumba.

Trekta lilitoka kwenye njia ya shamba upande wa kulia, limevuta tela la marobota ya nyasi. Liliingia barabarani mbele yake na kuanza kupanda, polepole, moshi unatoka juu. Dereva hakutazama nyuma, ana sababu gani ya kutazama nyuma? Radjabu alikuwa karibu nalo kabisa. Niliuona mkono wake wa kulia ukitoka kwenye usukani. Haukusitasita. Ulikwenda moja kwa moja kwenye chuma cha nyuma ya tela ukakishika, na mwili wake wote ukatulia, mgongo ukanyooka, miguu ikaacha kukanyaga. Akawa kijana wa miaka thelathini. Niliufahamu mgongo ule. Nilikuwa nautazama kutoka uani kwetu, asubuhi, wakiondoka wawili.

Kinywa changu kilikuwa kimeshafunguka. Jina lake lilikuwa kwenye ulimi.

Halafu chupa yake ya maji ikachomoka kwenye kishikizo, ikadunda barabarani, ikaanza kuteremka kuja kwetu.

"Eh! Chupa yake!" Kazadi akaweka kiganja mdomoni, akajaza kifua. "Radj—"

Nilimziba mdomo. Mzee wa miaka sitini na mbili, anayeheshimiwa Matonge nzima, nilimziba mdomo kwa mkono wangu wote.

"Tonton, usimwite. Nakuomba. Usimwite."

Alinitolea macho. Baiskeli yangu ilianguka pembeni, sikuitazama. Tela lilikuwa linapanda. Marobota yalikuwa yanayumba. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinapiga kelele, na nje palikuwa kimya, kimya kile walichokisifia, ndege na injini basi. Nilisema moyoni, achia wewe mwenyewe. Achia kwa wakati wako. Sikuwa na kingine cha kumpa ila kunyamaza, na sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo, hata siku ya kumzaa Nadia.

Kona ikamchukua. Sikumwona tena.

Niliokota chupa. Nikapanda kwa miguu, mbio, viatu vinateleza kwenye lami iliyolainika kwa jua. Kazadi alibaki nyuma na baiskeli mbili, yangu na yake. Sikumwita Radjabu. Hata kwenye kona sikumwita.

Alikuwa juu, pale mlima unapoisha na mashamba yanapoanza. Amekaa kwenye nyasi, baiskeli imelala salama pembeni yake. Trekta lilikuwa mbali, dogo, linaendelea na safari yake. Radjabu alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, ameugeuza kiganja juu.

"Ulienda wenyewe," akasema. "Wallahi, Hidaya, sikuutuma."

"Nimeona."

"Ulikuwa unaona yote?"

"Yote."

Akainua uso. "Na hukuniita."

Nilikaa karibu naye. Nikamwekea chupa kwenye kile kiganja kilichokuwa wazi.

"Iliangukia kule chini," nikasema. "Nimekuletea."

Aliishika kwa mikono miwili na hakunywa. Tulikaa hivyo hadi Tonton Kazadi alipofika juu, anahema, na yeye pia hakumwita mtu.